Mistari Miwili ya Kipimo cha Malaria: Inasema Nini?

  Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo ningependa wewe mama, nyanya, shangazi, baba au mlezi yeyote unayekaa na mtoto mdogo usogee karibu na redio. Kama uko na jirani, mwite naye asikize.

Mada yetu ya leo ni kile kipimo kidogo cha plastiki cheupe ambacho mtoto hufanyiwa akiwa na joto mwilini. Anadungwa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kitundu, dawa ya maji inatonwa kwenye kitundu kingine, halafu mnaambiwa mngoje. Baadaye mhudumu anaangalia mistari na kusema, "Ana malaria," au, "Hana malaria."

Akina mama wengi huniuliza maswali kuhusu kipimo hiki. Mistari hiyo inatoka wapi? Kwa nini mstari mmoja hutokea hata kama mtoto hana malaria? Je, kinaweza kudanganya? Haya ni maswali mazuri, na majibu yake yanaweza kuokoa maisha ya mtoto. Mama asiyeamini kipimo hutoka kliniki na kwenda kununua dawa ya malaria dukani, kumbe mtoto ana homa ya mapafu. Mwingine huona mstari umefifia, akadhani si kitu, akarudi nyumbani na malaria mgongoni. Kwa hivyo tuelewane leo, hatua kwa hatua.

Kwanza, kipimo kinatafuta nini?

Malaria huletwa na vimelea vidogo sana ambavyo mbu wa kike aina ya anofelesi huingiza mwilini anapouma. Hapa Kenya, vimelea vinavyosumbua zaidi ni vile vinavyoitwa falsiparamu, na ndivyo vinavyoua watoto. Vikiingia katika damu, huzaana na kumwaga humo protini yao. Protini hiyo mwili wa mtoto hauitengenezi. Ikipatikana katika damu, tunajua vimelea vimepita hapo. Wataalamu huiita kwa kifupi HRP2.

Kipimo cha haraka hakitafuti kimelea chenyewe jinsi mtu wa maabara anavyofanya kwa darubini. Kinatafuta protini hiyo. Ni kama mama anayeona kinyesi cha panya ghalani. Panya hajamwona, lakini anajua yupo, au alikuwepo juzi. Ukumbuke neno hilo, "alikuwepo juzi", tutalirudia.

Pili, protini hiyo inakamatwaje?

Hapa ndipo penye kazi ya kingamwili. Kingamwili ni askari wa mwili. Adui akiingia, mwili hutengeneza askari wanaomtambua adui huyo tu. Askari wa surua anajua surua, hamjui polio. Ndiyo sababu mtoto hupewa chanjo mbalimbali.

Wanasayansi waliona kwamba askari hawa wanaweza kutumiwa nje ya mwili pia. Ukitaka kutafuta protini fulani katika damu, tumia kingamwili inayoitambua. Shida ilikuwa namna ya kupata kingamwili za aina moja kwa wingi. Mwaka wa 1975, Georges Köhler na César Milstein, waliokuwa wakifanya kazi Cambridge, Uingereza, waliunganisha chembe za panya zinazotengeneza kingamwili na chembe za saratani ambazo haziachi kuzaana. Wakapata chembe zinazotoa kingamwili za aina moja bila kukoma. Mwaka wa 1984 walipata Tuzo ya Nobeli. Vipimo vingi vya haraka tunavyotumia leo, pamoja na hiki cha malaria, vinatumia kingamwili zilizotokana na njia hiyo.

Mama, usishtuke ukisikia panya. Hakuna kitu cha panya kinachoingia mwilini mwa mtoto wako. Damu ndiyo inayotoka kwa mtoto kwenda kwenye kipimo, na damu yenyewe ni kidogo mno, karibu maikrolita 5. Hiyo haijazi hata ncha ya kijiko. Kipimo chenyewe hakimgusi mtoto.

Tatu, mistari hutokeaje?

Ndani ya ile plastiki kuna kikaratasi kirefu chembamba kinachonyonya maji kama utambi wa taa. Tukiweka damu na ile dawa ya maji, vyote vinatembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Njiani kuna vituo vitatu.

Kituo cha kwanza kina kingamwili za panya ambazo hazijafungwa mahali. Zimebebeshwa chembe ndogo sana za dhahabu. Dhahabu ikiwa imesagwa hadi kuwa ndogo namna hiyo haing'ai manjano, huonekana nyekundu. Kingamwili hizi zinaijua protini ya malaria. Maji yakifika, zinaamka na kutembea nayo. Zikikutana na protini hiyo katika damu, zinaishika na kusafiri nayo.

Kituo cha pili ndicho penye herufi T. Hapo kuna kingamwili nyingine zilizogandishwa kwenye karatasi, nazo pia zinaijua protini ya malaria. Protini ikipita, zinaishika upande wa pili. Kwa kuwa protini hiyo tayari imeshikwa na ile ya dhahabu nyekundu, rangi inakusanyika hapo na mstari unaonekana. Kama protini haipo, hakuna cha kushikwa. Rangi inapita tu, na hakuna mstari.

Kituo cha tatu ndicho penye herufi C. Wengi hawakielewi kituo hiki. Hapo pana kingamwili ya namna tofauti. Hii haijui malaria hata kidogo. Inachokijua ni kingamwili ya panya. Mara nyingi hutolewa kwa mbuzi. Mbuzi akidungwa kingamwili za panya, mwili wake huziona ni wageni, nao hutengeneza askari wa kuzikamata. Askari hao wa mbuzi ndio wanaowekwa pale kwenye C. Katika maabara huitwa kingamwili ya pili, kwa sababu haishiki ugonjwa, inashika kingamwili ya kwanza.

Kwa hivyo zile kingamwili nyekundu zilizobaki zikifika C, zinakamatwa, na mstari unatokea. Hii ndiyo sababu mstari wa C hutokea hata kwa mtoto asiye na malaria. Unatuambia kwamba maji yametembea mpaka mwisho, na kwamba kingamwili nyekundu bado zinafanya kazi. Mstari wa C ni mlinzi wa kipimo. Hausemi lolote juu ya ugonjwa.

Nne, tusome mistari pamoja.

Mstari kwenye C na mwingine kwenye T: mtoto ana malaria. Hata kama mstari wa T umefifia sana, ni malaria. Hakuna "malaria kidogo isiyohitaji dawa". Mtoto mchanga hana akiba ya damu na nguvu kama mtu mzima, na malaria ndogo ya asubuhi inaweza kuwa kubwa kesho.

Mstari kwenye C peke yake: protini ya malaria haikuonekana.

Mstari kwenye T peke yake, bila C: kipimo hicho kimeharibika. Kirudiwe na kingine kipya. Usikubali kuambiwa "T ipo, basi inatosha."

Hakuna mstari wowote: kimeharibika pia. Kirudiwe.

Vipo pia vipimo vyenye nafasi ya mistari mitatu, ambavyo hutambua zaidi ya aina moja ya vimelea. Mhudumu atakueleza. Lakini sheria ya C haibadiliki. Bila C hakuna jibu.

Tano, ni mambo gani yanayoharibu kipimo?

La kwanza ni haraka. Kila kipimo kina muda wake, vingi dakika 15 au 20. Ukisoma kabla ya muda, mstari wa T unaweza kuwa haujajitokeza. Ukikiacha ukakisoma baada ya saa nyingi, kinaweza kuonyesha alama isiyo ya kweli. Haraka haraka haina baraka. Keti, mnyonyeshe mtoto, ngoja muda ufike.

La pili ni joto. Kingamwili ni protini, kama ute wa yai. Unajua yai likipata moto halirudi kuwa bichi. Vipimo vikiachwa juani, kwenye dashibodi ya gari au chini ya bati la moto, kingamwili huharibika. Vipimo vingi havifai kuwekwa mahali penye joto la zaidi ya digrii 40, na vingine digrii 30. Wewe mhudumu wa afya wa kijijini unayenisikiza, usiache mkoba wako juani.

La tatu ni unyevu. Pakiti ifunguliwe wakati wa kupima, si asubuhi kungojea wagonjwa wa mchana. Na tarehe ya mwisho iangaliwe.

La nne ni damu kuwa kidogo mno. Hapa sikiza vizuri. Mstari wa C unaweza kutokea hata kama damu haikutosha, kwa maana C inashika kingamwili za panya, haishiki damu. Kwa hivyo mtoto akivuta mkono na damu isiingie ipasavyo, ni heri adungwe tena kuliko kupata jibu la uongo. Najua inauma kumwona akilia. Mshike vizuri mapajani, umwimbie, na kazi itaisha mara moja.

Sita, mbona mtoto amemaliza dawa na kipimo bado kinaonyesha malaria?

Swali hili huja sana, hasa Kisumu, Siaya, Busia, Homa Bay, na kule pwani Kwale na Kilifi, ambako malaria ni nyingi. Kumbuka ule mfano wa panya ghalani. Panya ameuawa, lakini kinyesi bado kipo. Protini ya HRP2 hubaki katika damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, wakati mwingine zaidi ya mwezi. Kwa hivyo mtoto aliyetibiwa wiki mbili zilizopita akipimwa kwa kipimo hiki, mistari miwili inaweza kutokea ingawa amepona. Mtoto kama huyo akipata joto tena, mwambie mhudumu, "Alitibiwa malaria tarehe fulani." Onyesha kijitabu chake cha kliniki. Hapo atapelekwa maabara apimwe kwa darubini, ambayo huona kimelea chenyewe. Usinyamaze ukitaraji mhudumu atajua. Tarehe hiyo ni sehemu ya kipimo.

Na je, kipimo kinaweza kukosa malaria iliyopo? Ndiyo, mara chache. Vimelea vikiwa vichache sana, protini haitoshi kuleta mstari. Tena katika nchi za Pembe ya Afrika, kama Eritrea na Ethiopia, wataalamu wamepata vimelea visivyotengeneza protini ya HRP2 kabisa. Eritrea ililazimika kubadilisha aina ya vipimo mwaka wa 2016. Ndiyo sababu tunasema mtoto asiye na mstari wa T ambaye joto linaendelea, arudishwe baada ya siku mbili. Asirudishwe baada ya wiki.

Saba, mtoto hana malaria lakini ana joto. Nifanye nini?

Mama, hapa ndipo watoto wetu wengi hupotea. Zamani tulikuwa tukisema kila joto ni malaria. Mwaka wa 2010, Shirika la Afya Duniani lilishauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Sababu ni kwamba joto lina wenyewe wengi. Kuna homa ya mapafu, kuna maambukizi ya masikio, ya mkojo, ya matumbo, kuna surua. Dawa ya malaria haitibu hata moja kati ya hayo. Ukimpa mtoto dawa ya malaria kwa homa ya mapafu, unapoteza siku mbili au tatu, na homa ya mapafu haingoji.

Kwa hivyo C ikiwa peke yake, usiseme, "Basi hana kitu." Uliza, "Basi joto hili linatoka wapi?" Mhudumu ahesabu pumzi za mtoto kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Wewe pia unaweza kuhesabu nyumbani kwa saa au simu. Mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Wa miezi 2 hadi 12, ni 50 au zaidi. Wa mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Na hizi ni dalili ambazo hazingoji kipimo chochote: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea sana au haamki. Mchukue mbio. Kwa degedege, usimtie kitu mdomoni wala kumwagia maji. Mlaze ubavu, kisha safari ianze. Na mtoto wa chini ya miezi 2 akiwa na joto lolote, apelekwe hospitali, asitibiwe nyumbani.

Kama kipimo kimesema ana malaria, atapewa dawa ya mseto inayoitwa AL kulingana na uzito wake. Ni dozi sita kwa siku tatu. Dozi ya pili hupewa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Mpe pamoja na maziwa au chakula, inafanya kazi vizuri zaidi. Akitapika kabla ya nusu saa kuisha, rudia dozi hiyo, kisha urudi kituoni uongezewe kidonge ili dozi isipungue. Akipata nafuu siku ya pili, usimwekee dada yake vidonge vilivyobaki. Vyote ni vyake.

Nane, maswali mawili ya mwisho.

Mama mmoja aliniuliza, "Sista, je, kipimo hiki kinaonyesha pia Ukimwi?" La. Kinatafuta protini ya malaria tu. Kipimo cha virusi vya Ukimwi ni kingine, na hufanywa kwa idhini yako. Lakini nacho hutumia akili ile ile. Vingi vyake hutafuta kingamwili za mtu dhidi ya virusi, na katika maabara kubwa kingamwili ya pili, yenye kubeba rangi, ndiyo huzionyesha. Kwa vile kingamwili za mama huvuka kwenda kwa mtoto tumboni, mtoto wa chini ya miezi 18 hawezi kuhukumiwa kwa kipimo hicho peke yake. Ndiyo maana mtoto wa mama mwenye virusi hutolewa damu mapema, kama akifika wiki sita, ili virusi vyenyewe vitafutwe. Usikose miadi hiyo.

Mwingine aliuliza, "Mtoto aliyechanjwa chanjo ya malaria, kipimo hakitadanganya?" Chanjo hiyo ilianza kutolewa Kenya mwezi wa Septemba 2019, kule Homa Bay. Protini iliyo katika chanjo si ile inayotafutwa na kipimo, kwa hivyo chanjo haileti mstari wa T. Mtoto aliyechanjwa akiwa na mistari miwili, ana malaria kweli. Chanjo hupunguza, haizuii yote. Bado alale ndani ya neti yenye dawa kila usiku.

Mpendwa msikilizaji, kabla hatujaagana, haya ndiyo ya kukumbuka:

1. Joto likianza, mtoto apimwe siku hiyo hiyo au kesho yake. Usianze na duka.
2. Omba uonyeshwe kipimo. Ni haki yako kuona mistari.
3. Bila mstari wa C, kipimo kirudiwe.
4. Mstari wa T, hata ukififia, ni malaria.
5. C peke yake si mwisho wa safari. Chanzo cha joto kitafutwe, na mtoto arudi baada ya siku mbili kama joto linaendelea.
6. Sema kila mara kama mtoto ametibiwa malaria katika wiki za karibuni.
7. Dalili za hatari hazingoji mistari.

Ukienda kliniki wiki hii na mtoto akapimwa, angalia kile kipimo kidogo ukiwa na macho mapya, na umweleze mama aliyeketi karibu nawe kwenye benchi. Hivyo ndivyo elimu inavyosambaa.

 Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya kuharisha na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Mpaka hapo, mlale salama, na mlale ndani ya neti. Kwaheri.